Msiba Tumeuleta Mwaloni

Somanda, Bariadi
2 Juni 1995

Mwanangu Mihayo,

Mwangaluka. Unakula? Unalala? Sisi huku wazima, tunasumbuliwa na wivu wa majirani tu. Bati ulizoezeka zinang'aa mpaka mama Salu anapita kajifunika macho. Namwambia, hiyo ni pesa ya sangara wa mwanangu mvuvi, mama, kila mtu azae wake.

Sasa sikiliza. Jumamosi ya tarehe 17 mwaka unatimia tangu ziwa limchukue kaka yako Bujiku na wenzake wawili, hata shati hatukupata. Tunamaliza msiba. Mjane wake, Kwandu, ameshaloweka mtama wa pombe. Kwetu unajua, siku hiyo ndugu wa aliyezama hagusi maji ya ziwa, hata kunawa. Njoo mapema.

Mayu wako,
Minza

Lamadi
9 Juni 1995

Mayu, shikamoo.

Mimi mzima, mgongo tu. Tajiri mwenye mtumbwi amekataa kuniruhusu. Lori la barafu la kiwanda linafika Jumamosi hiyohiyo, na asiyeingia ziwani Ijumaa jioni asirudi kazini. Siku hizi soko huria, wenye njaa wamejaa hapa mwaloni, mitumbwi inapotia nanga. Nimembembeleza, akasema, "Marehemu wenu hawanunui sangara."

Nitatega Ijumaa, nitatoa nyavu alfajiri, mchana niko kwako. Ziwa limetulia. Usimwambie Kwandu.

Mwanao,
Mihayo

Lamadi, mwaloni
18 Juni 1995

Mihayo,

Salamu utazipata ukishuka.

Barua yako ilinifikia Ijumaa. Nikamwambia Kwandu, nikawaambia wote: msiba tunauhamishia Lamadi, tuone nani atasukuma mtumbwi mbele ya wanawake wanaolia. Tukapanda lori la pamba. Kufika, umeshaondoka. Kisha upepo ukaja.

Mitumbwi mingine ilirudi jana. Wako bado. Wavuvi wanasema labda mmejibanza kisiwani, ndiyo maana naandika. Barua atakuja nayo Constantine, mvuvi mwenye boti ya injini, anayetoka kukutafuta. Nimemwambia hatakukosa: mrefu kuliko wote, mzuri kuliko wote.

Tajiri wako nilimpata. Nikamwambia, "Kaa hapa chini na sisi, ulie kama sisi." Amekaa.

Mjomba wako Danford alikuja na wembe amnyoe Kwandu, msiba uishe. Akaninong'oneza, "Dada, tunanyoa kwa ajili ya mmoja au wawili?"

Nimemnyang'anya huo wembe. Nimeukalia hapa mchangani, na siinuki. Njoo uniinue wewe.

Mayu wako