Wasifu wa Nyanya

Jumatano

Sijamwambia mtu, hata Mama. Nyanya alipolazwa hospitalini mjini Maua, nilianza kumwandikia wasifu wa mazishi.

Hakuna aliyenituma. Lakini hapa Laare wasifu husomwa kwa Kiingereza, na kwetu mimi ndiye hupewa kazi hiyo. Katika mazishi ya mjomba nilichanganya wakati uliopo na uliopita, binamu zangu wa chuo wakanicheka mbele ya waombolezaji. Safari hii nikajiandaa mapema. Kila kitenzi nilikiweka katika wakati uliopita, bila kosa, na nikajivunia. Nilijivunia, naye bado anapumua.

Leo amerudi nyumbani. Akanikuta jikoni na ile karatasi.

"Kendi, umeandika nini hapo?"

"Ni... ni kukuhusu, Nyanya."

"Mimi? Kwa Kiingereza! Hebu soma nisikie."

Hajui Kiingereza. Nikasoma, naye akitabasamu kila aliposikia jina lake.

"Sasa niambie inasema nini."

Nikamwambia kwa Kimeru kwamba anapenda chai ya sukari nyingi, huimba akipalilia, na hapendi kusifiwa.

"Hapo mwisho umedanganya," akasema, akacheka hadi akakohoa. "Jumapili naenda nayo kanisani. Mwalimu awasomee akina mama wote."

Mwalimu anajua Kiingereza; angetambua mara moja kwamba ni wasifu wa mtu aliyekufa.

Nyanya alipolala niliiandika upya yote, nikirudisha kila kitenzi kwenye wakati uliopo. Ile ya kwanza nimeitia motoni.