Nimeficha Gia ya Ndege ya Binti Yangu

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, na uniwie radhi kwa mwandiko huu, naandikia juu ya meza ya cherehani huku mlango nimeutia komeo.

Mimi ni fundi wa mapazia, huu mwaka wa ishirini na sita nakanyaga cherehani, na nina binti mmoja tu, anasomea urubani. Chuoni walimshauri awe na vifaa vya mazoezi nyumbani, basi mezani chumbani kwake kuna kompyuta, kuna kifimbo cha kuiongozea ndege kwa mkono wa kulia, kuna kijisanduku cha kushoto chenye mpini wa kuongeza na kupunguza nguvu ya injini, mimi hicho nakiita gia, na chini ya meza kuna pedali mbili. Ukiwasha, kioo chote kinakuwa anga na unaruka hujatoka hata mlangoni. Sasa mwezi uliopita akaniambia, "Mama, nikifaulu jaribio la mwezi ujao nitaruhusiwa kubeba abiria, na abiria wangu wa kwanza ni wewe." Mshauri, mimi hata ngazi ya kutundikia mapazia naipanda huku namwomba Mungu. Nikacheka, nikasema haya mwanangu, kisha nikaingia bafuni nikalia.

Nikaona nisije nikamwaibisha mtoto kwa mayowe huko juu, bora nijizoeze kwa siri. Kila asubuhi akishaenda chuoni na baba yake akishaenda kazini, naacha mapazia ya watu nakwenda kukaa kwenye kile kiti. Siku ya kwanza nikakanyaga pedali, maana mguu wangu unajua kazi moja tu, ukitaka mwendo unakanyaga, kumbe zile ni za kugeuza pua ya ndege, nayo ilikuwa tayari inatambaa, ikaacha njia ikaingia majanini, nikakanyaga zaidi ili itoke, ikazunguka palepale mpaka nikaona kizunguzungu mimi. Siku ya tatu nikaikumbuka gia, ndege ikapaa kweli, nikafurahi, nikasema twende mbele, nikasukuma kifimbo mbele, ikashuka kichwa kichwa mpaka ardhini. Mpaka leo nimeanguka mara arobaini na moja, nimeziandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, na kila nikianguka moyo unaniuliza, ikiwa mimi ninayenyoosha pindo la mita kumi bila rula naanguka, mtoto asiyeweza kupitisha uzi kwenye tundu la sindano atapona vipi?

Basi Jumapili shetani akanipitia. Nikaichomoa ile gia nikaitia kwenye gunia la mabaki ya vitambaa. Nilijiambia asipofanya mazoezi ya kutua mwalimu atamwahirishia hilo jaribio la Ijumaa hii, na akiahirishiwa huenda akabadili mawazo, akasomee kitu kinachofanyika chini, kama uhasibu.

Kumbe Jumapili hiyohiyo baba yake alifuta vumbi chumbani mle, na lawama zote zikamwangukia yeye. "Baba, si wewe uliyesafisha meza?" "Nimefuta vumbi tu, sikuhamisha kitu!" "Basi imetembea yenyewe?" Sasa hawasemezani. Mzee wa watu amesogeza friji, amelala kifudifudi akichungulia uvunguni mwa kitanda, na mimi nimemshikia tochi. Nimemshikia tochi, mshauri! Na jana binti akaniegemea begani akasema, "Afadhali wewe, mama, hugusi vitu vyangu." Nifanyeje? Nikiirudisha kimyakimya pale uvunguni, waje waione kama vile walikuwa wameipita, itakuwa vibaya?

Fundi Mapazia

*

Fundi Mapazia,

Umesema Ijumaa, kwa hiyo nimekurukisha foleni. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka jirani yangu wa ofisini akaja kuchungulia, mara ya pili sikucheka. Pole, dada yangu. Hofu ya mzazi haiishi mtoto akikua, na anayekwambia uipuuze hajawahi kumsindikiza mwanawe popote. Lakini kumshikia mumeo tochi atafute kitu ulichokificha wewe! Una uso wa aina gani?

Tuanze na huko kuanguka. Nilimpigia rubani mmoja mstaafu ambaye niliwahi kumpatanisha na mkewe, nikamsomea kipande cha pedali mpaka kwenye hesabu ya daftari. Alipomaliza kucheka akauliza, "Alifundishwa na nani?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Basi ana bahati ameanguka arobaini tu. Mimi nilikuwa na mwalimu pembeni na bado nilimtoa jasho mwezi mzima." Umesikia? Kuanguka kwako hakusemi lolote juu ya ndege wala juu ya mwanao. Kunasema una mguu wa cherehani. Mteja wako akikaa kwenye mashine yako bila kuelekezwa akavunja sindano arobaini na moja, utasema mapazia hayashoneki? Na hiyo habari ya uzi na sindano iache, huko juu haendi kushona.

Kosa lako kubwa ni jingine. Mwalimu asipoahirisha je? Mtoto atapanda Ijumaa mkono wa kushoto umelala siku kadhaa, na aliyeulaza ni mama yake. Uliogopa asije akaanguka, ukamnyang'anya kile kinachomfundisha kutua. Hapo sikuchekei hata kidogo.

Uvunguni hapana. Mumeo ameshapamulika, akiikuta pale ataanza kudhani akili zinamruka. Leo hii itoe gia kwa mkono wako mwenyewe, waite wote wawili, uanze na mumeo kwa kuwa ndiye aliyehukumiwa bure. Sema, "Niliificha mimi, kwa sababu naogopa." Maneno hayo yanatosha, usiyashonee marinda. Na usilie kabla ya kumaliza, maana ukilia watakubembeleza, na zamu ya kubembelezwa si yako. Binti akikasirika mwache akasirike. Usimkumbushe uchungu wa kumzaa, wala usimpikie kitu kizuri ili anyamaze. Mpishe mezani afanye mazoezi mpaka Ijumaa.

Jaribio likishapita, mwombe akufundishe. Huyo ndiye mwalimu uliyepaswa kuwa naye tangu asubuhi ya kwanza. Vua viatu, miguu uiweke sakafuni mbali na pedali mpaka akwambie. Rubani wangu anasema kiti kiwe kwenye kimo cha kukuwezesha kupumzisha kiwiko, na kifimbo usikikabe, kishike kwa vidole vitatu. Ukikivuta kwako pua inapanda, ukikisukuma inashuka. Vuta kidogo, kisha subiri ndege ijibu ndipo uvute tena, maana wanaoanza huanguka kwa haraka zao. Mkono wa kushoto usibanduke kwenye gia. Na lile daftari mwonyeshe, atacheka wiki nzima, na nyumba yenu kwa sasa inakihitaji hicho kicheko.

Ukiona bado roho haitaki kupanda, mwambie wazi kwamba unaogopa, mzazi anaruhusiwa. Abiria wa kwanza awe baba yake, kwa jinsi alivyosogeza lile friji amestahili. Wewe utakuwa wa pili ukiwa tayari.

Ila elewa jambo moja, dada. Ijumaa binti yako akishatua na injini ikizimwa, atatoa simu ampigie mtu mmoja kabla ya wote. Usiposema leo, siku moja atajua tu, nawe utajua amejua kwa kuisubiri simu isiyoita. Leo hii, mtu huyo bado ni wewe.