Mama Mkwe Kashika Waya wa Betri

Rafiki yangu Nyangwine, nakuandikia nikiwa hospitali.

Mke wangu Robi kashikwa na uchungu wa kujifungua huku Kemambo, nikamkimbiza hospitali. Kila tukiruka shimo gari linazima! Taa zinakufa, halafu zinawaka zenyewe.

Nikafungua boneti. Waya wa betri umelegea na spana sina. Nikiukandamiza taa zinarudi, lakini nani apige stata?

Tulikuwa na mama mkwe tu. MAMA MKWE, ambaye kwa mila yetu hata salamu nampa kwa mbali!

Akashuka mwenyewe. "Nionyeshe pa kushika."

Akakandamiza waya, nikapiga stata, gari likawaka. Shimo lingine, anashuka tena, Robi analia nyuma.

Tumefika. Robi kaingizwa upasuaji, hatujaambiwa kitu.

Nilisimama mbali, mlangoni. Mama mkwe kasogea kwenye benchi: "Kaa hapa, mwanangu. Leo hakuna mkwe."