Namba Niliyoifuta

Jumatatu, 4 Machi
Mwanangu Kibonge amelamba soli ya kiatu changu sasa hivi — oili yote ile! Nimemfuta ulimi, kacheka na meno yake mawili. Mtoto wa gereji huyu.

Lakini leo nimeharibu. Muuguzi kaleta gari lake, taa ya injini inawaka, likipanda kilima linatetemeka. Fundi, mwenye gereji, alikuwa kaenda kununua vipuri. Nikachomeka skana yangu ndogo, ile ya kuunganisha na simu. Namba ya ubovu ikatokea, nikaifuta. Taa ikazima! Muuguzi akaniita bingwa, akaondoka.

Fundi kurudi: namba ipi? Sikuiandika. Akasema nimezima taa, ugonjwa nimeuacha ndani. Mwenzangu mmoja, mpaka rangi wa magari, akaongeza heri nikapike uji. Majaribio yangu ya kazi hapa yanaisha Ijumaa. Nikishindwa, narudi kukaa nyumbani. Ee Mungu, gari lisimzimikie yule dada kilimani.

Jumanne, 5 Machi
Muuguzi hajaja. Simu hapokei. Nimefagia gereji mara tatu. Skana sijaigusa.

Jumatano, 6 Machi
Kaja! Mzima! Taa imerudi — sijawahi kuifurahia taa mbaya hivi. Nikamwambia ukweli, dada, juzi niliharibu mimi. Kumbe alidhani ni yeye hajui kuendesha!

Fundi akakunja mikono: haya, tuone. Namba ikaja, 0302. Nikaiandika kiganjani hata kabla ya kupumua. Silinda ya pili inamisi, haichomi vizuri. Nikang'oa koili yake, ile inayoipa plagi umeme wa cheche, nikaihamishia silinda ya tatu, ya tatu nikaileta ya pili. Ndipo nikaifuta namba. Tukapanda kilima, Fundi pembeni. Taa ikawaka. 0303! Ubovu umehama na koili! Basi injini haina neno, ni koili tu. Tukafunga mpya, gari likatulia tuli.

Nikajifungia chooni, nikalia kidogo. Kilio cha kushusha mzigo. Jioni nimembeba Kibonge hadi kasinzia, sikutaka kumweka chini.

Ijumaa, 8 Machi
Siku ya mwisho. Nimekaa juu ya tairi, wenzangu wanakunywa chai.

Pikapu ya maziwa imeingia, taa inawaka. Dereva ana haraka, anataka azimiwe tu aende zake. Mpaka rangi kainuka — kitu gani, kufuta tu! Fundi kamrudisha akae. Kamwambia dereva hapa taa haizimwi kabla namba haijaandikwa, na mwenye kazi hiyo yupo, amsubiri.

Mwenye kazi! Hajasema nimepita, hajasema sijapita, lakini skana nimeshaitoa mfukoni. Huyo ananiita. Mama Kibonge, kalamu unayo? Ninayo, Fundi, ndiyo hii ninayoandi