Jina la Simiyu Halikuleta Ugonjwa

Mama yangu mpendwa,

Mjukuu wako amenyakua kifuniko cha kalamu sasa hivi, akakitia mdomoni, nami nilipokitoa akarusha kichwa nyuma akacheka. Nimekaa tu nikimwangalia. Mama, ni kicheko cha marehemu kaka yangu kabisa, hadi kile kishimo cha shavu la kushoto.

Uko salama? Mgongo unakusumbua bado? Sisi tuko hapa kliniki, karibu na nyumba yetu ya mtaa wa Satellite, tunangoja majibu ya damu ya mtoto. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwa simu ulilia ukakata. Barua huwezi kuikata. Binamu anasafiri kesho, atakuletea.

Ulisema, “Nilikukataza kumpa jina la marehemu. Umemwita Simiyu, sasa umemwitia na ugonjwa wake.” Na mimi niliamini. Vidole vyake vilipovimba vile, nilikumbuka kaka akilala karibu na jiko, wewe ukichovya kitambaa kwenye maji ya moto na kumkanda magoti, mimi nikimchomea mahindi ili anyamaze. Akiumwa alikuwa bado anakutania, “Mama, kanda pole pole, mimi si unga wa chapati!” Nakumbuka hata harufu ya ule moshi. Siku hizi napika kwa gesi, na bado nauona.

Basi juzi nilimuuliza Sista, muuguzi wa hapa, kama tubadilishe jina. Hakunicheka. Nilikuwa nimetoka sokoni na mahindi na maharagwe, akaniomba punje nne za mahindi. Mbili zilikuwa nzima, mbili zimetobolewa na wadudu.

“Huyu ni wewe,” akasema, akiweka mbili pamoja, “nzima moja, mbovu moja. Mume wako pia hivyo hivyo, tumewapima. Hamuugui kwa sababu ile nzima inawasaidia. Lakini mtoto anachukua punje moja kwako na moja kwa baba yake. Akiangukia mbovu zote mbili, ndiyo anaugua selimundu. Hayo yalifanyika tumboni, mama, kabla hamjafikiria jina.”

Nikamwambia, “Lakini kwetu kaka yangu alishachukua hizo mbovu. Si ziliisha?”

“Ziishie wapi? Kila mimba inaanza upya.”

Baba Simiyu, ambaye siku hiyo alikuwa ameacha kazi yake ya viatu kule mtaa wa Adams, akasema, “Kumbe mimi nililipa mahari ya mahindi ya wadudu!” Nikamjibu, “Na yako je, uliyatoa ghala gani?” Tukacheka, halafu nikalia.

Kwa hivyo Mama, ni wewe na baba mliozibeba punje hizo mbovu, bila kujua, kama sisi. Hakuna marehemu aliyekasirika. Hukumkosea kaka. Miaka yote hii umejilaumu bure, na ndiyo maana nakuandikia. Halafu nikawaza, hata kicheko kile pengine kilipitia kwangu kumfikia mtoto, na mimi mwenyewe sina kishimo shavuni. Nilikibeba tu. Kwa hivyo jina silibadilishi, hata kama majibu ni mabaya. Sista anasema siku hizi kuna dawa ya kumeza kila siku, na watoto wanakua, wanaenda shule. Kaka hakuipata. Huyu ataipata. Usiogope kumwita Simiyu, tafadhali. Anakujua kwa sauti.

Nisalimie baba, na shangazi anayekusaidia kukamua. Na mdogo wangu wa bodaboda, mwambie kabla hajaoa wapimwe, yeye na yule msichana wake. Asione haya. Si kwamba watakatazwa kupendana, wajue tu mapema, maana mimi na Baba Simiyu, hata tungejua, nafikiri bado tungeoana...

Wanatuita, Mama.

Binti yako