Kuni za Msiba Wako

Mama,

Nimekasirika, na sina wa kumwambia ila wewe. Msitu wa chemchemi wanaumaliza. Na walianza siku ileile tuliyokuzika.

Desturi yetu hapa Ibaba unaijua: kuni za msiba hazinyimwi. Hata mliyegombana naye akifiwa, anaingia shambani kwako na shoka na humuulizi kitu. Baba mdogo akaitumia nafasi hiyo. Sisi tukiwa ndani tunalia, yeye akawapeleka vijana juu ya chemchemi, pale ulipokuwa hutaki hata mbuzi apite. Nilisikia mti wa kwanza ukianguka nikiwa nimekaa kando ya jeneza lako. Nani angepinga? Ni kuni zako, walisema.

Matanga yalipoisha, ikawa, "Msitu si umeshafunguliwa?" Akaletwa mnunuzi wa mbao kutoka Tunduma. Kwenye kikao cha ukoo baba mdogo akasema msitu ule umekaa bure, hauzalishi, bora tupande milingoti, hii mikaratusi ya kuuza. Bure! Ati bure, Mama! Maharage tunayouza Isongole wakati wa kiangazi yananyweshwa na nini? Asali iliyonisomesha ilitoka kwenye mizinga iliyoning'inia wapi? Kwao mti una thamani ukishalala chini. Ukisimama ukawalisha miaka yote, ni pori tu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinisuka pale chemchemini tukisubiri ndoo ijae? Ilikuwa inajaa hujamaliza mistari miwili, unaniambia, "Inuka, kichwa tutamalizia nyumbani." Juzi nimemsuka mjukuu wako kichwa kizima, ndoo haijajaa. Nikalia, Mama. Mtoto akadhani amenikosea.

Sasa wenye uwezo wanatuma bodaboda bondeni kuwaletea maji. Baba mdogo naye ananunua! Nilimkuta anashusha madumu, nikamwamkia vizuri, kisha nikamuuliza kama hiyo nayo ni faida ya mbao. Akanijibu, "Mdomo huo umeurithi kwa mama yako." Nikamwambia, "Ndiyo. Shamba hamkutaka nirithi kwa sababu ni mwanamke, basi niachieni mdomo."

Hizo mbao zimeshapita mpaka, na fedha yake imeshaliwa. Milingoti waliyopanda inakunywa kile kidogo kilichobaki. Upande wa jicho la maji, pale yanapotokea ardhini, bado umesimama, na Jumamosi wenye chenso, ile misumeno ya mashine, wanarudi kuumalizia.

Nimezunguka nyumba kwa nyumba. Wanawake wote wanaoteka pale wamekubali, hata mke wa baba mdogo, tena yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza. Tutakwenda na ndoo zetu tukae chini ya miti, na watoto wetu mgongoni.

Pumzika, Mama. Ninakuahidi hawatapita. Na atakayetaka kuwasha mashine, kwanza atuangalie usoni, atuambie hawa watoto watakunywa nini.

Mwanao, Tumaini