Kompyuta ya Duale Haikufa

Galbet, Garissa
9 Novemba 2024

Mpendwa mke mwenzangu Hamda,

Assalamu alaykum. Hujambo huko Kutulo? Kikohozi cha Ramlo kimepoa? Mvua imewafikia, mbuzi wanapata majani? Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Siku za eda zinapita polepole humu ndani, na najua zako ni hivyo hivyo.

Nina jambo la kukiri. Ulipoomba kompyuta ya marehemu mume wetu, ili Ramlo amsikie baba yake akimsomea, nilikujibu kwamba imekufa. Haikufa. Ilikuwa nzito tu kuwaka.

Duale alikuwa akiiwasha, akatawadha, akanywa chai, na kioo bado ni cheusi. Dakika hizo tuliongea. Zilikuwa zangu. Akitoka kwako alirudi na shati lenye harufu ya ubani wako, nami nililifua siku hiyo hiyo. Nikajiambia, Hamda ana Ramlo. Mimi niachiwe hata mashine.

Lakini nami nilitaka kumsikia, na sasa ikawa inachukua karibu saa nzima kufunguka. Kwenda kwa fundi mjini siwezi, niko edani. Nikampigia Sabirin, binti wa dada yangu, anayetengeneza kompyuta kule Ifo.

"Habaryar, mama mdogo, hiyo ina kadi mbili za picha," akasema. "Draiva, programu inayoziendesha, ni ya zamani, kila ukiwasha moja inaingojea nyingine iamke. Wake wenza hao!"

Sikucheka. "Endelea," nikamwambia.

Akaniongoza kwa simu: nikaondoa draiva ile, nikaweka mpya, nikazima programu zinazofunguka zenyewe. Mwisho tukazima mpangilio wa kuwaka haraka.

"Si ndio tunautaka?" nikauliza.

"Huo huo ndio unaokuchelewesha, habaryar."

Sasa inafunguka upesi. Nimekuta sauti zake arubaini na moja. Zote anamsomea Ramlo. Nimelitafuta jina langu siku mbili. Limo mara moja tu, katikati ya kisa cha fisi: "Kaaha, funga mlango, narekodi."

Hiyo moja nimeinakili kwenye simu yangu. Nyingine sikuzigusa. Eda ikiisha, shemeji Olow atakuletea kompyuta. Draiva usiiguse.

Msalimie mama mkwe na umbusu Ramlo. Mungu awape afya na mvua ya heri.

Mkifika kwenye kisa cha fisi, msiruke pale ninapotajwa. Mnikumbuke.

Akupendaye, ingawa kwa wivu,
Kaaha